Mkanda Kabla ya Bastola

Katika mashindano ya kulenga shabaha kwa vitendo, mgeni hukaguliwa kiuno kabla ya kukaguliwa jicho. Mwamuzi hutaka kuona mkanda mgumu uliobana, na ala ya bastola iliyoshikamana na mkanda huo bila kuyumba. Ala lazima izibe kifyatulio, ili silaha ikiwa imetulia ndani yake, kidole kisiweze kukifikia. Mtu akisimama wima, mikono imelegea, mtutu usielekee mahali palipo mbali zaidi ya mita 1 kutoka miguuni pake. Kitako cha bastola kisishuke chini ya ukingo wa juu wa mkanda. Ala ya kuvaa begani hairuhusiwi, wala ile ya kufungwa pajani kwa kamba kama tunavyoiona kwenye filamu. Yote haya huangaliwa kabla risasi hata moja haijatoka kwenye boksi.

Nyakato, Mwanza, ninakoishi, watu hawazungumzi habari za mchezo huu. Barabara ya Musoma inapita katikati yetu na malori yake. Kutoka Buzuruga kuelekea Igoma ni viwanda, maghala, gereji na mafundi wa kuchomelea mageti. Bunduki tunaiona, lakini tunaiona kazini: mapajani mwa mlinzi aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya ghala, au begani mwa askari anayesindikiza gari la fedha. Waliopita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wanaikumbuka bunduki ya mafunzo, ile uliyokabidhiwa na kuirudisha, isiyo na tofauti yoyote na ya mwenzako. Mtu kununua silaha yake, kuivaa Jumamosi asubuhi, kwenda kushindana nayo kwa pointi na sekunde, kisha kurudi nyumbani kula na wanawe, ni jambo ambalo masikio yetu hayajalizoea.

Mimi nimelazimika kulizoea kwa sababu ya mpwa wangu. Dada yangu aliolewa Kisumu, ng'ambo ya ziwa, na mwanawe wa kwanza sasa anafanya biashara ya vipuri Nairobi. Ana kibali halali cha bastola, na rafiki zake humchukua mara kwa mara kwenda kutazama mashindano katika uwanja wa Kirigiti, kule Kiambu, ambao ni uwanja wa chama cha kitaifa cha wamiliki wa silaha wa Kenya. Alipokuja kututembelea, silaha aliiacha kwao, maana kibali cha Kenya hakivuki mpaka wa Sirari. Kilichovuka ni kitabu cha kanuni, ndani ya simu yake.

"Mjomba," aliniambia baada ya chakula, "nataka kuanza kushindana, lakini kila mtu pale ana vitu vya pesa nyingi. Nianze kununua nini?"

"Nisomee kwanza hizo kanuni, mjomba," nikamjibu. "Tuone zenyewe zinataka nini."

Tulizisoma hadi usiku. Tangu siku hiyo sijaacha kuzifikiria, kwa sababu kanuni za vifaa, katika mchezo wowote ule, zinaeleza kwa uwazi waliozitunga wanamwonaje binadamu: wanamwogopea nini, wanamwamini kwa lipi.

Mchezo wenyewe si wa zamani. Shirikisho lake la kimataifa, IPSC, liliundwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, mtu aliyekuwa mwanajeshi wa majini wa nchi hiyo. Msingi wake ni mambo matatu yanayopimwa kwa pamoja: usahihi, nguvu na kasi. Mshindani hasimami mahali pamoja akilenga duara la mbali. Anatembea au kukimbia kati ya kuta za mbao, anapita vizuizi, anabadilisha magazini njiani, na saa maalumu inayosikia mlio wa risasi inamhesabia muda tangu king'ora kilipolia hadi risasi ya mwisho. Kila mzunguko kama huo huitwa kituo: kifupi hakizidi risasi 12, cha kati 24, kirefu 32.

Ukishasikia kwamba saa inahesabu, utaelewa haraka kwa nini vifaa vilileta shida. Wenye fedha walitafuta bastola zenye vifaa mdomoni vya kuzuia mtutu usiruke, wakafunga darubini ndogo juu, wakatengeneza magazini ndefu zinazobeba risasi nyingi ili wasipoteze sekunde kubadilisha. Mchezo haukuwafukuza hao. Uliwapa daraja lao la wazi washindane wenyewe kwa wenyewe, na kwa watu wa kawaida ukaweka daraja la silaha za kiwandani, ambalo kwa maoni yangu ndilo jambo la hekima kuliko yote katika kitabu kile.

Katika daraja hilo la silaha za kiwandani, bastola lazima iwe kwenye orodha iliyoidhinishwa, iwe kama ilivyotoka kiwandani isipokuwa mabadiliko madogo yaliyotajwa. Darubini hairuhusiwi. Kifaa cha mdomoni hakiruhusiwi. King'ora kinapolia, magazini isiwe na risasi zaidi ya 15, hata kama ina nafasi ya 17. Kifyatulio kina uzito wa chini uliowekwa, na mwamuzi huupima kwa kukiwekea uzito wa mizani mbele ya mwenyewe. Ala na vifuko vya magazini vikae nyuma ya mfupa wa nyonga, visisogezwe mbele ya tumbo ambako mkono hufika upesi zaidi, na visiachane na mwili zaidi ya milimita 50. Na tena, yeyote anayeshindana humo hupewa pointi za nguvu ndogo, awe amekuja na risasi ya milimita 9 au na kubwa kuliko hiyo. Anayebeba mzinga hapati nyongeza yoyote kwa kubeba mzinga.

Mpwa wangu alipofika hapo alinyamaza kidogo. Bastola anayotembea nayo kihalali ndiyo hasa iliyokusudiwa na daraja hilo. Hakuhitaji nyingine. Alichokosa ni mkanda wa maana, ala ya plastiki ngumu badala ya ile ya kitambaa, vifuko vya magazini, miwani ya kujikinga na vikinga masikio. Kituo kirefu cha risasi 32 kwa magazini za risasi 15 kinataka magazini tatu hata usipokosea. Ukiweka na ya akiba, ni nne. Orodha inaishia hapo.

Lakini fedha si hatari pekee ambayo kanuni hizi zinamkinga nayo mgeni, na wala sidhani ndiyo kubwa. Kubwa ni haraka. Tulikaa tukapiga hesabu kwenye karatasi. Alama hupatikana kwa kugawa pointi kwa sekunde. Risasi iliyopiga katikati kabisa ni pointi 5. Risasi iliyokosa shabaha ni adhabu ya pointi 10, juu ya zile 5 ulizokosa. Chukua kituo cha risasi 12. Mgeni mtulivu anapiga zote katikati, anapata pointi 60, lakini anatumia sekunde 24: alama yake ni 2.5. Mgeni mwingine, mwenye bastola ya bei na mkono mwepesi, anamaliza kwa sekunde 12 tu, nusu ya muda wa mwenzake, lakini risasi 2 zimekwenda kwenye kifusi cha udongo. Zile 10 zilizopata zinampa 50, adhabu inamkata 20, anabaki na 30. Gawa kwa 12. Ni 2.5 ileile. Kasi yote aliyoinunua imeliwa na risasi mbili.

Hesabu hiyo ilimfurahisha mpwa wangu, nami ilinigusa kwa namna nyingine. Mgeni katika kazi yoyote yenye chombo cha hatari huamini kwamba chombo bora kitaziba pengo la mazoezi. Nimeliona kwa vijana wa bodaboda wanaobadilisha pikipiki kabla ya kujua kukata kona. Kitabu cha kanuni kinakataa imani hiyo kwa namba, bila kumtolea mtu hotuba.

Kuna sharti moja ambalo nililisoma mara kadhaa. Bastola ikianguka wakati mshindani hayuko chini ya amri ya mwamuzi, labda imechomoka kwenye ala alipoinama kuokota kofia, mwenyewe haruhusiwi kuiokota. Anatakiwa asimame, amwite mwamuzi, na mwamuzi ndiye ataiokota, aikague na kuirudisha. Akiiokota mwenyewe ameondolewa mashindanoni siku hiyo. Fikiria jinsi sharti hili linavyopingana na mwili. Kitu chako cha thamani kimeanguka mbele za watu, aibu imekupanda, mkono unataka kukiwahi kabla wengi hawajaona. Ni katika kukiwahi huko ndipo kidole hujikuta kwenye kifyatulio na mtutu ukielekea kwa watu. Waliotunga kanuni hawakumwambia mgeni awe makini. Walimkataza tendo lenyewe, kwa kuwa walijua umakini hupungua palepale aibu inapoingia.

Ndiyo maana wanaanza na ala. Bastola inayokaa vizuri kiunoni haimpi mtu nafasi ya kuaibika. Mgeni anayeleta silaha nzuri ndani ya ala mbaya ameileta hatari pale hasa ambapo hawezi kuiona, nyuma ya nyonga yake. Uwanjani silaha zote hukaa tupu hadi mwamuzi atoe amri ya kujaza. Kuna meza maalumu ya usalama ambapo unaweza kuitoa bastola yako, kuipangusa, kuifanyia mazoezi ya kuchomoa, lakini hapo haruhusiwi mtu kushika risasi, hata zile bandia za mazoezi. Mtutu hauruhusiwi kupita pembe iliyowekwa kuelekea nyuma waliko watu. Kidole kinakaa nje ya kifyatulio wakati wa kutembea na wakati wa kubadilisha magazini. Anayevunja lolote kati ya haya anakwenda nyumbani, hata kama ni bingwa.

Nguo nazo zina kanuni. Raia hushauriwa wasivae mavazi ya mabakamabaka ya kijeshi wala sare zinazofanana na za polisi. Kwetu Tanzania jambo hili halihitaji maelezo marefu, Jeshi la Wananchi (JWTZ) limekuwa likiwaonya raia kuhusu sare zake kwa miaka. Lakini mchezo huu ulizaliwa katika nchi ambako mtu anaweza kununua mavazi hayo dukani, na bado wenyewe wakashauri yasivaliwe. Shabaha zao nazo ni boksi la kahawia lenye pembe zilizokatwa, lisilo na kichwa wala mabega ya mtu. Na kati ya shabaha za kupigwa huwekwa nyingine zilizokatazwa, na anayezigusa hukatwa pointi 10 kwa kila risasi.

Hapa siwezi kukwepa habari ya Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia jengo lile la maduka Nairobi na kuua watu 67, miongoni mwa walioingia mapema kuokoa walikuwamo raia wenye vibali vya silaha. Anayejulikana zaidi ni Abdul Haji, aliyeingia na bastola yake kumtafuta ndugu yake akaishia kusaidia kutoa watu wengi, na ambaye baadaye akawa seneta wa Garissa. Mpwa wangu ni wa kizazi kilichoona picha zile, na sina shaka kwamba nusu ya hamu yake ya Kirigiti imetoka humo. Sitamlaumu. Nilimwambia tu kwamba mtu mwenye silaha ndani ya jengo lililojaa akina mama na watoto anahitaji kujua asimpige nani, kabla ya jambo lingine lolote, na kwamba shabaha zile zilizokatazwa ndizo zinazofundisha hilo, wala si fulana nyeusi yenye mifuko kumi. Anayeingia mchezoni na ndoto ya ushujaa hununua vifaa vya ndoto: ala ya pajani, glovu zilizokatwa vidole, buti. Kanuni zinamvua ala hiyo mlangoni, na zinamwacha na mkanda wake na akili yake.

Sisi wa Usukuma tumewahi kuwa na kanuni yetu ya vifaa vya silaha, ingawa haikuandikwa kwenye kitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, wizi wa ng'ombe wa kutumia silaha ulipowachosha watu, vijiji vya Shinyanga, Tabora na Mwanza viliunda vikundi vya ulinzi vilivyoitwa sungusungu. Vifaa vilikuwa upinde, mishale na filimbi. Mwano, yaani yowe la kuitana, ukipigwa, kila mwanamume mwenye nguvu alitoka. Asiyeitika alitozwa faini. Mwenye ng'ombe mia na mwenye mbuzi wawili walishika silaha ya aina moja, iliyochongwa na fundi yuleyule wa kijiji. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ikawatambua.

Usawa ule wa vifaa ulikuwa na maana kubwa, na wazee wanaousimulia wana haki ya kujivunia. Lakini historia hiyohiyo ina upande ambao hatupaswi kuuficha. Palipokosekana mwamuzi wa kupima na wa kusema "simama", upinde uliomrudisha mwizi wa ng'ombe ulitumika pia kumfukuza kikongwe aliyeshutumiwa uchawi, na watu waliuawa bila kusikilizwa. Silaha iliyo sawa kwa wote haitoshi. Lazima awepo mtu anayekubalika na wote, mwenye mamlaka ya kumwondoa hata kamanda.

Na mwamuzi huyo naye lazima apime hadharani. Kanuni za vifaa tunazijua vizuri huku ziwani, kwa sababu maisha yetu yanazitegemea. Wavu wa sangara unatakiwa uwe na matundu yasiyopungua inchi 6. Sangara anayeruhusiwa kuvuliwa asipungue sentimita 50. Kokoro, wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, limepigwa marufuku. Hata hivyo mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, nyavu zilichomwa moto mialoni, na wapo waliolia kwamba wavu wao ulihukumiwa bila rula kuwekwa juu yake. Sitetei wavu haramu. Samaki wachanga wanaokwisha ni wa watoto wetu. Ninachosema ni kwamba kanuni nzuri ikitekelezwa bila kipimo kinachoonekana, mvuvi hujifunza kujificha, hajifunzi kuifuata.

Katika mashindano ya shabaha risasi zenyewe hupimwa. Mwamuzi anachukua chache kutoka kwa mshindani, anafumua moja na kuupima uzito wa kichwa cha risasi, kisha nyingine zinapigwa kupita kwenye mashine inayosoma kasi. Uzito huzidishwa kwa kasi, hugawanywa kwa elfu, na katika daraja la silaha za kiwandani jibu lisipungue 125. Kichwa chenye uzito wa greni 124, ambazo ni kama gramu 8, kikienda kwa futi 1,050 kwa sekunde kinatoa 130 na ushee: kimepita. Mwenye risasi anasimama pale akiona mizani na namba kwa macho yake. Akishindwa, anaruhusiwa kuendelea kupiga lakini hapewi alama. Hakuna anayetukanwa, hakuna kinachochomwa, na kesho anajua aweke baruti kiasi gani.

Najua kuna wasomaji watakaosema nchi yetu haihitaji mashindano ya bastola, kwamba silaha chache ndizo salama yetu. Kwa hili la silaha chache niko nao. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeweka vibali, ukaguzi na utunzaji, na sitaki ilegezwe kwa ajili ya mchezo. Lakini wapo Watanzania waliokwisha kupewa vibali, wafanyabiashara wa dhahabu, wa samaki, wenye mashamba, walinzi wa viwanda hapa Nyakato wanaoshinda na bunduki mapajani mchana kutwa. Kumiliki kihalali ni jambo moja. Kujua mtutu wako unaelekea wapi unapoinama kufunga kamba za viatu ni jambo jingine. Mchezo wenye kanuni kama hizi unalifundisha hilo la pili kila Jumamosi, mbele ya mashahidi, kwa gharama ya kurudishwa nyumbani badala ya gharama ya mazishi.

Kwa hiyo kwa mpwa wangu, na kwa yeyote mwenye kibali anayefikiria kuanza, shauri langu ni hili. Usibadilishe bastola. Nunua mkanda mgumu na ala inayoziba kifyatulio, magazini zitoshe, kinga za macho na masikio ziwe bora kuliko unavyodhani unahitaji. Kabla ya kujiandikisha, mwombe mwamuzi akukague ukiwa na silaha tupu, na akikuambia ala yako haifai, ivue palepale bila ubishi. Fedha iliyobaki ipeleke kwenye risasi za mazoezi na muda wa mwalimu. Nanyi wenye vilabu, popote mlipo kandokando ya ziwa hili na kwingineko, wekeni mikanda na ala za kuazima, ili anayekuja kwa mara ya kwanza asirudi nyumbani kwa sababu ya kiuno chake, na asiruhusiwe kuingia kwa sababu ya pochi yake.